Mikono, Sindano na Kifandugu cha Mwanahamisi

Siku ya kuniaga kazini, keki ikiwa inakatwa na kila mtu akitazama saa yake, mmoja wenu aliniinamia sikioni akaniuliza swali ambalo si la siku ya keki. Kwa maumivu sugu ya kifandugu, kile kijifupa cha mwisho kabisa cha uti wa mgongo, mimi naamini mikono au naamini sindano? Nilikuwa na kisu mkononi, na mkuu wa idara alikuwa ameshaanza hotuba yake. Nikamjibu kwamba inategemea. Ni jibu ambalo sote hulitoa tukitaka kukimbia, na tangu siku ile limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nimestaafu, na kustaafu kumenishinda. Miaka yote ya kazi yangu ya tiba ya viungo niliwahimiza watu wasikae sana, wainuke, watembee. Sasa watoto wangu wananiambia, mama, kaa upumzike. Nakaa. Kisha naona nguo imepinda kwenye kamba, naenda kuinyoosha. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa. Jirani akija kuazima chekecheke namshika bega kabla hajasema alichojia. Mume wangu nilimwambia kwamba mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, naye siku hizi hakubali kutembea mbele yangu. Basi naandika, tena nikiwa nimesimama, karatasi juu ya kabati ya vyombo, kwa sababu ninyi mlioachwa kule idarani mtakutana na kifandugu wiki hii au ijayo, na sitaki mjibu kama nilivyojibu mimi.

Nilianzia hospitali moja ya huku kusini ambayo sitaitaja, kwa kuwa wengi wenu mnaijua. Idara yetu ilikuwa stoo ya zamani ya magongo. Tulikuwa na kitanda kimoja cha mbao chenye godoro lililovishwa plastiki, taa ya kupashia misuli joto ambayo iliwaka ikipenda, na vifuko vya uzito tulivyovishona wenyewe tukavijaza mchanga wa pwani. Mchanga wenye chumvi hula kitambaa. Kila baada ya muda kifuko kilipasuka, na mgonjwa aliyekuwa akiinua mguu alijikuta ana ufuko chumbani.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Mghendi, Mtaita mrefu mwenye sauti ya chini na macho makali. Siku yangu ya kwanza alinikalisha kwenye benchi la nje, pamoja na wagonjwa, akaniambia nisimwulize mtu yeyote anaumwa wapi. Kazi yangu ilikuwa kuwatazama wanavyokaa na wanavyoinuka, mpaka adhuhuri. Nilidhani ananicheza shere. Nilitoka chuoni na vyeti, kanga yangu imepigwa pasi, nikaishia kutazama makalio ya watu. Alipokuja aliniuliza nani kati yao ana kifandugu. Sikujua. Akanionyesha mama mmoja aliyekuwa amekaa kwa tako moja, ameinama mbele, mikono yote miwili imeshika ukingo wa benchi. Alinionya kwamba mama yule akiingia ndani atasema anaumwa kiuno. Na kweli, alisema kiuno.

Hapa nieleze kwa wale mliotoka bara. Huku kwetu mtu mzima hataji mahali pale mbele ya mtu asiyemjua. Atakwambia kiuno, na kiuno hicho kinaanzia mbavuni na kuishia magotini. Ukimtibu kiuno atakuja miezi na miezi, atakushukuru kila mara, wala hatapona, wala hatakwambia kuwa umekosea mahali. Ndiyo maana mtazame kwanza. Wasuka makuti wanaokaa chini mchana kutwa, vijana wa bodaboda, kina mama waliojifungua kwa taabu, wote nimewaona. Lakini kinachotuletea wagonjwa wengi zaidi ni mbuzi ya kukunia nazi. Kibao kile ni kifupi, magoti yanakuja juu, mwili unarudi nyuma, na uzito wote unaangukia kijifupa ambacho Mwenyezi Mungu hakukiumba kibebe uzito wa mtu. Mwenye kifandugu kizima hajali. Aliyewahi kuanguka, kila nazi anayoikuna inamkumbusha.

Mikono niliisomea baadaye, Nairobi. Mengi ya kazi ile hufanywa kwa nje: kulegeza misuli ya makalio, kunyoosha nyonga, kumfundisha mtu kupumua na kuachia misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo mwenye maumivu huikaza hata usingizini. Lakini mfupa wenyewe ukiwa umepinda au umekakamaa, njia ya kuufikia ni moja. Kidole chenye glavu huingizwa kwa njia ya haja kubwa, hushika kijifupa kile kati ya kidole na gumba lililo nje, kikakivuta taratibu na kukirudisha mahali pake. Niliporudi na ujuzi huo Bwana Mghendi alinipongeza, kisha akaniuliza ni nani huku kwetu kusini atakubali. Nilijiwekea masharti. Mgonjwa nilimweleza kila kitu akiwa amevaa nguo zake zote. Mwanamke wa pili alikuwepo nyuma ya pazia. Mgonjwa akisema basi, ni basi, hata kama kidole kimefika nusu ya safari. Wengi walikataa, wakajifunga kanga zao wakaenda, nami sikuwalaumu. Waliokubali, wengi wao walipata nafuu, ila polepole, wiki baada ya wiki.

Halafu ikaja sindano. Daktari Wambua alifungua kliniki ya maumivu Diani, karibu na mahoteli. Alikuwa na mashine ya eksirei inayoonyesha mfupa papo hapo, na sindano ndefu ambayo aliifikisha mbele ya kifandugu, penye fundo la neva zinazopeleka habari za maumivu. Anamwaga ganzi pale pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe. Mgonjwa anaingia akichechemea, anatoka akiwa ameketi kwenye tuktuk kama bibi harusi. Mimi nilikuwa na kidole na maneno ya kubembeleza. Mnadhani nilifurahi? Wagonjwa wangu walianza kuniuliza kwa nini niwatese wiki nyingi. Wambua mwenyewe alikuwa mtu mzuri, mcheshi, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Tukikutana kwenye semina alikuwa akinitania: "Madam, hizo vidole zenu zinachukua muda sana." Nami nikamwambia sindano yake ni kumziba mtoto mdomo bila kumwuliza anacholilia. Tulicheka wote wawili, lakini mimi nilikuwa nimesema kweli tupu.

Mwanahamisi, ambaye mwenyewe ameniruhusu niwaandikie habari zake, aliingia chumbani mwangu mwishoni mwa mwezi wa Shaabani, miaka michache kabla sijastaafu. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Gazi, mwenye mwili na sauti ya kuchangamsha, anayepika maharagwe ya nazi na mahamri kwa kuuza. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamwonyesha kiti. Hakukaa. Alishika mgongo wa kiti kama mtu anayetaka kuhutubia, akaniambia anaumwa kiuno. Nikamwuliza kama kiuno hicho kiko chini kabisa, mahali anapokalia. Alinitazama, akaangalia mlango, akasema ndiyo.

Miaka miwili nyuma bodaboda ilikuwa imemwangusha karibu na Munje, akaketi juu ya jiwe la matumbawe. Tangu hapo hajakaa sawasawa. Kwenye sala, kikao cha tahiyatu alikikaa ameegemea upande. Chakula alikula amesimama jikoni, akisingizia kwamba anaangalia chungu. Nikamwuliza kwa nini amekuja leo na si mwaka jana. Hakuwa na haja ya kufikiri.

"Bi Zainabu, mamangu mgonjwa. Yuko Bodo, hainuki tena. Siku yake ikifika nataka niweze kukaa matanga yake. Sitaki jingine."

Alisema bila kulia. Mimi ndiye niliyekosa mahali pa kuweka macho. Ninyi wa bara labda mtaona ni jambo dogo, lakini huku mfiwa mwanamke hukaa chini kwenye mkeka, ndani, pamoja na wanawake wenzake, tangu maiti inapotoka mpaka kisomo kinapomalizika. Wanaokuja kumpa pole wanainama kwake. Mtoto wa marehemu akiwa wima, akizungukazunguka uani, watasema ana kiburi, au hakumpenda mamake, au kuna jambo kati yao ambalo hatulijui. Mwanahamisi alikuwa ameshaepuka matanga ya watu wengine miaka miwili, na maneno yalikuwa yameshaanza. Ya mamake asingeweza kuyaepuka.

Nikampima kwa nje, nikamweleza habari ya kidole. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia, kisha akaniuliza kuhusu funga yake. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na kwa mafundisho tuliyolelewa nayo wengi wetu huku, chochote kinachoingia kwa njia ile mchana wa mfungo kinabatilisha saumu. Nililijua hilo. Mwezi ule nilikuwa nikiwahudumia wagonjwa wa namna yake baada ya futari. Lakini baada ya futari yeye ndipo anapohudumia wateja wake wa daku. Nikamwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Akaniambia yeye si mgonjwa, mgonjwa ni mamake. Nikamsihi basi asubiri mpaka Idi, tuanze vizuri. Simu yake ikalia wakati huohuo, akashtuka mwili mzima, akaitoa kwenye mkoba kwa mikono miwili. Alikuwa mteja wa mahamri. Mtu anayeishi hivyo humwambii asubiri mpaka Idi.

Akaenda kwa Wambua. Sindano ya mgongoni haina neno na funga, na alichomwa mapema kabla mwezi haujaandama. Baada ya siku chache alipita kwangu makusudi, akavuta kile kiti alichokikataa, akakaa, akakunja mikono kifuani na kunitazama. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Pia niliona wivu, na sioni sababu ya kuwaficha. Nikamwonya kwamba maumivu yamenyamaza tu, mfupa uko palepale ulipokuwa, na asiitumie nafuu ile vibaya. Alisema amesikia.

Sasa fikirini Ramadhani ya Gazi. Hakuna kinachopikwa bila nazi: mbaazi, tambi, viazi vitamu, mihogo, samaki wa kupaka. Waliokuwa wakijikunia wenyewe wanataka waletewe tayari. Mwanahamisi, ambaye kwa miaka miwili alikuna nazi akiuma meno na mara nyingine kumlipa mtu amkunie, alijikuta anakaa kwenye mbuzi na hasikii kitu. Alipokea maombi ya mtaa mzima. Alikaa pale tangu adhuhuri hadi watu wanapoanza kuuliza futari, mwezi mzima, akiona ni rehema ya mwezi mtukufu. Huko Diani hakuna daktari ambaye angefikiri kumkataza mgonjwa wake mbuzi ya nazi. Mimi nilifikiri, lakini nilimkataza kwa maneno ya jumla, kama yale yanayobandikwa ukutani.

Siku chache baada ya Idi aliletwa na shemeji yake. Hakuweza kukaa kabisa, wala kulala chali. Wambua alikuwa amemwambia apumzike kwanza kabla ya sindano nyingine. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama uani, nikamweleza kwa sauti ambayo sikuihitaji kwamba ameharibu. Alisubiri nimalize.

"Madam, mimi nilizima maumivu. Sikumwambia akune nazi. Na wewe ulimwambia asikune, sawa, lakini ulimpa njia gani ingine ya kupika?"

Nilikata simu. Nikazunguka jengo la hospitali, nikazunguka tena, mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Katika wiki hiyohiyo Mwanahamisi aliniomba niende Bodo nikamtazame mamake, viungo vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kulala. Nilikwenda peke yangu. Mamake, Bi Mejumaa, alikuwa mzee mwembamba kwenye kitanda cha kamba, mikono imekauka lakini ulimi ungali mbichi. Nikamnyoosha magoti, nikamfundisha mjukuu wake jinsi ya kumgeuza ili asipate vidonda. Alipozoea mikono yangu akaanza kunieleza habari za watoto wake, na akafika kwa Mwanahamisi. Alisema mwanawe yule amebadilika. Akija anasimama pale mlangoni, anauliza hali, anaweka chakula, ameshaondoka. Zamani alikuwa akikaa naye kitandani akimkuna mgongo na kumpa habari za Gazi nzima. Siku hizi ana haraka, labda pesa zimemwingia kichwani, labda anaogopa harufu ya mgonjwa.

Mdomo uliniwasha. Sijawahi kuwashwa mdomo vile katika maisha yangu. Neno moja tu lingetosha, lakini siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata kwa mamake mzazi, na hilo Bwana Mghendi alilitilia mkazo kuliko misuli yote ya mwili. Nikaendelea kumnyoosha magoti. Nilipotoka nilikuwa na hasira na kila mtu, pamoja na mwenye bodaboda aliyenirudisha, ambaye hakuwa amekosa chochote.

Mwanahamisi nilimwambia kesho yake. Nilimweleza kwamba mamake anahesabu kusimama kwake ni kumkimbia. Aliuma pindo la mtandio. Akasema hawezi kumwambia. Amwambie nini? Mama yake ana maumivu ya kufa, naye aende akalalamikie mahali pale? Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mahali pale ndipo palipomtoa kitandani kwa mamake. Nilijuta ukali huo papo hapo, lakini aliinua uso akasema yuko tayari kwa kidole, sindano au msumeno, nyinyi wawili mkubaliane tu, kwa sababu yeye amechoka kuwa mpira wa kati.

Basi tukakubaliana. Wambua alikuja yeye mwenyewe mpaka hospitali yetu, akakaa kwenye benchi lile la nje, na tukaongea kama watu wazima. Mpango ulikuwa hivi. Yeye atachoma sindano tena muda ukiruhusu. Mimi sitangoja maumivu yarudi, nitaanza mara moja, wakati neva zimenyamaza, kwa sababu misuli isiyoogopa hukubali kushikwa. Na kabla ya yote, mbuzi ya nazi ilitoka nyumbani kwa Mwanahamisi. Shemeji yake alileta kile kikunio cha chuma kinachofungwa ukingoni mwa meza na kuzungushwa kwa mkono, ambacho mtu hukitumia amesimama. Mwanahamisi alikidharau, akasema chicha zake, yale makapi ya nazi, ni za bara. Akazoea.

Kitu kingine kilikuwa mto. Watu huwapa wenye kifandugu ule mto wa duara wenye tundu katikati, na wengi hawasaidiki, kwa sababu mfupa bado unagusana na ukingo wa nyuma. Tulikata kipande cha godoro gumu na kukitia pengo upande wa nyuma, kama kwato ya ng'ombe, kifandugu kikaning'inia bila kugusa kitu. Fundi cherehani wa Ukunda akauvisha kanga ili usifanane na kitu cha hospitali. Mwanahamisi aliubeba ndani ya kikapu chake na hakuna aliyeuliza.

Mara ya kwanza ya kidole alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nilisimama, nikamwambia tunaweza kuacha. Akaniambia nisiache, ila nimwongeleshe. Nikamwongelesha habari za mume wangu na mguu wake mfupi. Alicheka, na katika kucheka misuli ikaachia, na nikausikia mfupa ukisogea, kidogo sana, kama kizibo cha chupa kinapoanza kukubali. Hakuna mashine inayoweza kukupa hisia ile. Wala sidhani ningeifikia bila sindano ya Wambua kumtuliza kwanza. Tuliendelea hivyo wiki kadhaa, na kila wiki nilimwuliza habari za Bodo, na kila wiki alisema bado hajamwambia mamake, anangoja apone kwanza ndipo aende akakae. Tulikuwa tunakimbizana na mauti, ambayo hatukujua yatafika lini.

Siku moja sikuvumilia. Nilikuwa na zamu ya kwenda kumtazama Bi Mejumaa, nikamwambia Mwanahamisi afunge jiko twende sote, na achukue mto wake. Tulipofika alisimama mlangoni kama kawaida yake, akampa mamake shikamoo. Bi Mejumaa akaitikia huku amegeuza uso ukutani. Mimi nikajishughulisha na magoti ya mgonjwa, nikakaza macho hapo. Nikasikia kikapu kikiwekwa chini, kisha nikaona mto ukiwekwa ukingoni mwa kitanda, na Mwanahamisi akajishusha polepole, mkono mmoja umeshika kamba za kitanda.

Akamwambia mamake yote. Jiwe la Munje, sala za upande, kula wima, sindano, hata kidole alikitaja, nami nikaona aibu kwa niaba yake. Akamalizia kwamba amejitibu ili siku ile ikifika aweze kukaa mkekani kama watoto wa watu. Bi Mejumaa alimsikiliza bila kumgeukia. Nilidhani amesinzia. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akapapasa mpaka akaupata mto, akaufinya kama anayepima embe.

"Mkekani watakaa watu wengi," akasema. "Mimi sitawaona. Wewe kaa hapa."

Nilitoka nje. Nikajifanya naenda kumwuliza mjukuu habari za dawa.

Tangu siku ile Mwanahamisi alikuwa akifunga jiko mapema na kwenda Bodo, na alikaa pale mpaka kifandugu kilipomwambia inuka, akainuka akatembea uani, akarudi akakaa.

Sasa nijibu swali la siku ya keki. Sindano ni ya haraka, na kwa wengine hudumu miezi, kwa wengine wiki chache, na kuna ambao haiwasaidii kabisa. Ina hatari zake ndogo na inahitaji mtu anayeona anakokwenda. Mikono ni ya polepole, inahitaji haya ya mtu ivumiliwe, na haifai kwa kila kifandugu. Kilichovunjika juzi usikiguse. Penye uvimbe au homa usikiguse. Kwa maumivu mapya anza na mto, joto na kubadili ukaaji, wengi hupona hapo bila mikono wala sindano. Kwa yaliyokawia, kama mnaweza kuyapata yote mawili, sindano ifungue mlango na mikono iingie. Lakini kabla ya kuchagua, mwulizeni mtu anataka kukaa wapi. Nilifanya kazi hii miaka mingi nikiuliza wanaumwa wapi na tangu lini, na swali hilo la tatu nimelipata mwishoni.

Bi Mejumaa alifariki msimu wa mvua za vuli. Nilipata habari asubuhi, nikajifunga leso nikaenda Bodo. Wanawake walikuwa wamejaa chumbani, juu ya mikeka mpaka ukumbini, na kisomo kilikuwa kinaendelea. Nilimtafuta Mwanahamisi kati yao, safu kwa safu, kwa macho yaleyale niliyofundishwa kutazamia wanaokaa, na hakuwemo. Nilisikia nyuma yangu mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba mtoto wa marehemu hata kukaa hakukaa. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikamkuta uani penye masufuria, wima, anakoroga uji kwa mwiko mrefu, macho yamevimba.

Nikampa pole. Kisha, kwa kuwa sina adabu ya kungoja, nikamwuliza kwa sauti ndogo kama kimerudi. Alisema kimerudi kidogo, tangu juzi, kwa kukesha kitandani pale. Nikaanza kupanga papo hapo: nitampigia Wambua, mto uko wapi, nitamtengea pembe ndani apate kuegemea ukuta, watu wamwone hata dakika chache. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Waache waseme, Bi Zainabu," akaniambia. "Mimi nilikaa naye akiwa ananiona."

Akanipa bakuli la uji nimpelekee shangazi yake ndani.